Ngoma imenoga na mkono unakuwasha? Soma hii kabla hujashika ngoma ya watu

Umeshuka kwenye basi Misigiri, pale njia panda ya kwenda Kiomboi, kwenye barabara kuu ya Singida kwenda Nzega. Umekuja kwenye harusi ya binamu yako. Hata begi hujaweka chini, unasikia ngoma kwa mbali.

Unafuata sauti. Unakuta duara la watu, vumbi linatimka, akina mama wanapiga vigelegele, ngoma tatu zinalia pembeni. Mzuka unapanda. Mara mpigaji mmoja anainuka kwenda kunywa maji. Ngoma yake imebaki peke yake. Unaiangalia, inakuangalia.

Ningekuwa karibu ningekushika shati. Mimi niliwahi kuikalia.

Ilikuwa harusi ya ukoo wetu, humu humu mkoani Singida. Nilipiga kwa furaha kama dakika moja hivi. Nilichokuwa sijui ni kwamba akina mama waliokuwa wanacheza walikuwa wanafuata ile ile ngoma niliyoikalia. Mguu wa kwanza ukakosea, wa pili ukakosea, mstari mzima ukasimama. Mwenye ngoma alirudi, akasimama nyuma yangu na kikombe chake cha maji. Hakuna aliyenifokea. Nilitamani wangefoka.

Kama nawe unarudi nyumbani msimu huu baada ya mavuno, makala hii ni yako. Habari njema ni kwamba ngoma za kwetu hazina mlango wa kufuli. Nafasi yako ipo. Ila hujichukulii, unapewa. Na anayejua kusubiri huwa anapewa mapema kuliko anavyodhani.

Kwanza, elewa kinachoendelea pale

Kijana wa leo akisema "ngoma kali" anamaanisha wimbo mpya. Lakini neno ngoma limebeba vitu vingi: chombo chenyewe, uchezaji, na shughuli nzima yenye waimbaji, wachezaji, wapigaji na watazamaji. Ukigusa kimoja, umevigusa vyote.

Pale kwenye ngoma tatu, kila moja ina kazi yake. Moja inashika mdundo wa msingi, ule ule tangu mwanzo hadi mwisho. Ya pili inaujibu, inaingia kwenye nafasi ambazo ya kwanza imeziacha. Ya tatu, ngoma kuu, ndiyo inayoongea. Inawaambia wachezaji wabadilishe mtindo, inawapandisha, inawashusha, na ndiyo inayotangaza mwisho. Mpangilio hutofautiana toka kundi hadi kundi, lakini kugawana kazi utakukuta karibu kila mahali.

Sasa fikiria mtu anaingia na mdundo wake mwenyewe, wa nne, alioutoa kwenye klipu mtandaoni. Anaziba zile nafasi zilizoachwa kwa makusudi. Mchezaji aliyekuwa anasubiri ishara ya ngoma kuu haisikii tena. Kwa hiyo ustaarabu wa ngoma haujatungwa na wazee ili kuwabana vijana. Unalinda kazi ya watu ishirini isiharibiwe na mtu mmoja mwenye furaha.

Misigiri si ya kabila moja, usiende na kanuni moja

Iramba ni kwa Wanyiramba, lakini Misigiri ni njia panda. Ukikaa pale utakutana na Wasukuma, Wanyaturu, Wataturu, na madereva na wafanyabiashara wa kutoka kila kona. Kwenye harusi moja unaweza kusikia ngoma za pande mbili, upande wa bwana harusi na upande wa bibi harusi, na kila upande una taratibu zake.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mwenyeji wako ni hili: hii ni ngoma gani?

Ngoma ya harusi au ya kufurahia mavuno kwa kawaida ni ya wote. Ngoma ya mashindano ni ya vikundi, wewe ni mtazamaji. Ngoma ya msibani ina uzito wake, huingii kwa mbwembwe. Na zipo ngoma za jando, unyago au matambiko ambazo asiyehusika hatakiwi hata kusogea. Ukiambiwa "hii hapana", usiombe ufafanuzi. Geuka, nenda kanywe chai.

Zipo pia ngoma ambazo zamani zilikuwa alama ya utawala. Kule Usukumani, ngoma za watemi zilitunzwa kama vitu vya heshima, na baadhi zimehifadhiwa hadi leo kwenye Makumbusho ya Bujora, Mwanza. Kwa hiyo ukiona ngoma imewekwa peke yake mahali pa heshima, usidhani imesahaulika.

Ukifika, salamu kabla ya simu

Usiende moja kwa moja kwenye ngoma. Nenda kwa wenyeji. "Shikamoo babu, shikamoo bibi, shikamooni akina mama." Jitambulishe wewe ni mtoto wa nani. Kijijini jina lako peke yako halitoshi, watu wanataka kujua umetokea kwenye mji upi.

Kisha muulize mwenyeji nani ni kiongozi wa ngoma. Wakati mwingine ndiye mpiga ngoma kuu, wakati mwingine ni mwimbaji, na wakati mwingine ni mama mmoja aliyekaa kimya pembeni ambaye akiinua mkono kila kitu kinasimama. Msalimie huyo. Salamu hiyo ya nusu dakika itakusaidia usiku mzima.

Na kama wewe ndiye unayeandaa shughuli, usisahau kupita kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji mapema. Ngoma ya usiku bila taarifa inaweza kukatishwa katikati, na aibu itakuwa yako.

Mlango wa kuingilia ni makofi

Watu wengi wanadhani kushiriki ngoma ni kupiga ngoma. Hapana. Kuna kazi nyingi ambazo haziombewi ruhusa na zinahitaji watu kila wakati.

Makofi ni ya kwanza. Sikiliza wanapiga vipi, kisha fuata. Usitangulie, usichelewe, usiongeze.

Ya pili ni kuitikia. Mwimbaji anatoa, wengine wanajibu. Hata kama lugha huijui, kiitikio kwa kawaida ni kifupi na kinarudiwa sana. Baada ya mizunguko mitano utakuwa umekishika.

Ya tatu ni vigelegele na kushangilia. Navyo vina wakati wake. Kigelegele kinapigwa mchezaji anapofanya jambo, siyo mwimbaji anapoanza ubeti.

Hapo kwenye makofi ndipo utapimwa bila kujua. Mpiga ngoma anaangalia. Akiona mikono yako haitoki kwenye mdundo kwa nusu saa, anajua masikio yako yapo. Akiona unapiga ovyo huku unachat, naye ameshajua.

Kuhusu masikio, kuna mfano mzuri. Waliokua na Redio Tanzania Dar es Salaam wanakumbuka ule mlio wa ngoma uliotangulia taarifa ya habari. Aliyezipiga ni Mzee Morris Nyunyusa, msanii asiyeona, aliyekuwa na uwezo wa kupiga ngoma nyingi peke yake. Nchi nzima ilikaa kimya kusikiliza habari kwa sababu ya mikono ya mtu aliyeongozwa na masikio.

Ngoma iliyoachwa wazi siyo ngoma isiyo na mwenyewe

Tukirudi kwenye ile ngoma iliyobaki peke yake: usiikalie, usiigonge kwa kidole "kuijaribu", usiweke kikombe cha soda juu yake, usiiegemee. Mtoto akiisogelea, mwondoe kwa upole.

Sababu ni za kawaida kabisa. Ngoma ni mali. Mtu amechonga mti, ametafuta ngozi, ameiwamba. Ngozi hulegea ikipata unyevu au baridi ya usiku, ndiyo maana utaona wapigaji wanazisogeza kwenye moto. Wanazipasha ili ngozi ikaze na sauti irudi. Ikikaa karibu sana na moto, ngozi inapasuka. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka, na anayejua inalia sana kiasi gani ni mwenyewe.

Tena mikono haifanani. Ngoma nyingine inapigwa kwa viganja, nyingine kwa fimbo. Ukichukua fimbo ukaipiga ngoma ya viganja, unaweza kuiharibu kwa pigo moja. Pete kubwa na saa ya chuma nazo zivue kabla.

Ukitaka kupiga, omba. Na omba wakati wa mapumziko, siyo katikati ya wimbo. Sentensi moja inatosha: "Mzee, naomba unifundishe kidogo." Neno "unifundishe" lina uzito tofauti na "nijaribu". Akisema baadaye, itikia vizuri urudi kwenye makofi. Kuna baadaye ya kweli na kuna baadaye ya kukataa kwa adabu. Zote mbili jibu lake ni asante.

Ukipewa, piga kidogo

Siku ukipewa, uwezekano mkubwa utapewa mdundo wa msingi. Utaona ni rahisi, pengine mapigo matatu tu. Utashawishika kuongeza manjonjo.

Usiongeze. Kuujua huo mdundo ni kazi ya dakika mbili. Kuushika dakika ishirini bila kukimbia wala kuchoka, wachezaji wakiwa wamepagawa mbele yako, hapo ndipo penye kazi. Mpigaji mgeni hukosea kwa kuongeza kasi. Furaha ikipanda, mikono inakimbia, na akina bibi wanaocheza wanaishiwa pumzi kwa sababu yako.

Mambo manne ya kushika:

1. Mwangalie mpiga ngoma kuu, usiangalie mikono yako.
2. Jisikie chini ya wengine. Kama husikii ngoma za jirani zako, unapiga kwa nguvu mno.
3. Ukipotea, acha. Nyamaza, sikiliza mzunguko mmoja, ingia tena. Kunyamaza hakuharibu ngoma, kubahatisha kunaharibu.
4. Mwenye ngoma akirudi, inuka kabla hajakuomba. Mwachie kwa mikono miwili, shukuru.

Ukifanya hivyo, kuna siku utasikia unaitwa kwa jina.

Mwanamke anapiga? Uliza, usikisie

Hapa watu wengi wanajifanya wanajua. Wengine watakwambia Afrika mwanamke hapigi ngoma. Hiyo siyo kweli. Wagogo, ambao wako Dodoma na pia wilayani Manyoni hapa hapa Singida, wana ngoma ya muheme ambayo wapigaji wake ni wanawake. Wanapiga wakiwa wamesimama, ngoma wameibana kati ya mapaja, na ukiwasikia hutauliza tena swali hilo.

Upande wa pili wa mpaka mambo ni tofauti. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2014, na mwaka 2017 amri ya rais wa nchi hiyo ikakataza wanawake kuipiga.

Kwa hiyo dada yangu, usikae nyuma kwa sababu ya kauli ya mtu mmoja. Na kaka, usimzuie dada kwa niaba ya kabila ambalo siyo lako. Muulizeni mwenye ngoma.

Kuingia katikati ya duara

Duara ni uwanja wa zamu. Mtu anaingia, anacheza, anatoka, mwingine anaingia. Usikatize mbele ya mtu anayecheza, na usipite kati ya wachezaji na ngoma, kwa sababu pale ndipo wanapozungumza.

Zamu yako ikifika, cheza ulichonacho. Hakuna anayetegemea mgeni aue. Watu watakucheka kidogo, nawe cheka. Kukosea hakuchukizi. Kinachochukiza ni kung'ang'ania katikati wakati pumzi imeisha na wengine wanasubiri. Mizunguko miwili mitatu, toka.

Ukivaa mavazi ya mjini, hakikisha yanakuruhusu kuinama. Dada, kanga moja kiunoni inakusaidia kucheza na inakusogeza karibu na akina mama. Na pombe ikishapanda kichwani, ngoma iache. Mlevi kwenye duara anamwangukia mtoto, na kwenye ngoma anaipasua.

Mcheza kwao hutunzwa

Kutuza ni sehemu ya kushiriki. Wapigaji hawa wengi ni wakulima, wameacha shughuli zao, na jasho linawatoka tangu mchana.

Tuza taratibu. Ingia kwa mdundo, weka noti mkononi au mahali ulipoona wengine wanaweka, kisha rudi. Usiirushe chini, mtu asilazimike kuinama kuokota heshima yake. Usiipungie kwenye kamera. Na usimtuze mwimbaji peke yake ukamsahau anayeshika mdundo wa msingi.

Huna fedha taslimu? Muulize kiongozi namba ya kikundi, tuma kwa simu, kisha mwonyeshe ujumbe.

Kitu kingine: maji. Ukipeleka chupa za maji kwa wapigaji bila kuombwa, utakumbukwa kuliko aliyetoa noti nyekundu.

Sasa tuongelee simu yako

Najua unataka kurekodi. Hata mimi ndiyo kazi yangu. Lakini simu ndiyo inayoleta ugomvi mwingi siku hizi, kwa hiyo soma taratibu.

Omba kwanza. Mwambie kiongozi unarekodi kwa ajili gani: kumbukumbu ya familia, au kuposti. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mtu anaweza kukubali la kwanza akakataa la pili.

Simama nje ya duara. Zima taa ya simu, usiku inawapofusha wachezaji. Usimfuate mama anayecheza kwa kamera ya chini. Watoto waache, au muulize mzazi. Mtu akijifunika uso au akigeuka, ameshakujibu.

Rekodi dakika mbili, weka simu mfukoni, rudi kwenye makofi. Duara la watu thelathini wote wameshika simu halina wa kuitikia.

Ukiposti, andika jina la kikundi, kijiji na aina ya ngoma. Usiandike tu "ngoma ya asili". Watu hao wana jina. Na ukitaka kuitumia klipu kwenye tangazo au wimbo wa kuuza, hapo siyo suala la adabu tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia sanaa za jadi zikitumiwa kibiashara nje ya mazingira yake ya asili. Kaa na kikundi, mkubaliane, muandikishane.

Ukikutana na mashindano, kaa chonjo

Ukielekea Shelui na Igunga, Usukuma unakaribia, na huko kuna mchezo mwingine kabisa. Makundi mawili makongwe ya ngoma za Kisukuma, Bagika na Bagalu, hushindana kwa kucheza wakati mmoja, kila kundi upande wake. Mshindi anajulikana kwa kuangalia umati umekimbilia wapi.

Maana yake miguu yako ni kura. Ukihamia upande wa pili katikati ya mchezo, umepiga kura, na watu wameona. Hakuna ubaya, ndiyo mchezo wenyewe. Ila usiende kugusa ngoma wala vifaa vya kundi lolote, na usijitie kati kuonyesha kipaji. Siku hiyo siyo yako.

Vipi kuhusu yale maduara ya djembe mtandaoni?

Pengine umeona klipu za watu Ulaya na Marekani wamekaa duara, kila mtu na djembe yake, kila mtu anapiga anachojisikia. Djembe asili yake ni Afrika Magharibi, kwa Wamandinka, na utaratibu ule wa kila mtu kujipigia ulikua Marekani, California, katika miaka ya 1960 na 1970. Ni burudani nzuri, na sharti lake ni kwamba hakuna mtazamaji wala kiongozi mkubwa.

Ngoma ya Misigiri ina kiongozi, ina mpangilio, na ina wachezaji wanaoutegemea. Ukija na akili ya klipu zile, utafanya kosa kama langu.

Na ukishakosea?

Utakosea. Acha ulichokuwa unafanya, nenda kwa mwenyewe, sema "Samahani mzee, nimekosea." Usijieleze sana. Kama umeharibu kitu, sema utakitengeneza, na ukitengeneze kweli kabla hujapanda basi.

Mimi siku ile niliinuka nikaomba radhi. Mzee akaikalia ngoma yake, akairudisha pale ilipokuwa, na akina mama wakaanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilikwenda kusimama nyuma, nikapiga makofi mpaka viganja vikauma. Usiku wakati wanapasha ngoma moto, aliniita kwa kidole. Akanionyesha mapigo matatu, akanisogezea ngoma ndogo.

Nilipiga hayo hayo matatu mpaka wimbo ukaisha.